Namna ya Kuandika Kumbukumbu za Utotoni za Ushabiki wa Timu ya Mji Wako

Ukimwuliza mtu aliyekulia Tanga ni lini alianza kuipenda Coastal Union, klabu ya soka ya mji huo, huenda akakutajia mwaka 1988, mwaka ambao Wagosi wa Kaya, kama klabu hiyo inavyoitwa, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Jibu hilo linatosha kwa mazungumzo ya barazani, lakini halimtoshi anayetaka kuandika, kwa sababu ubingwa ule ni wa mji mzima na habari zake zinapatikana kwa yeyote anayezitafuta. Kisichopatikana kwingine ni habari ya nyumba yenu na mtaa wenu, na ya mtu mzima aliyekushika mkono hadi getini. Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayetaka kuyaandika hayo. Nitatumia mfano wa Tanga kwa kuwa ndiko ninakokujua, ila mtu wa Songea na Majimaji yake, wa Mwanza na Pamba yake, au wa Mombasa na Bandari yake anaweza kubadilisha majina na kuendelea.

Anza nyumbani kabla ya kwenda uwanjani. Mtoto hachagui timu; huikuta nyumbani kama anavyolikuta jina la ukoo, na kazi yako ya kwanza ni kueleza ilifikaje humo. Wazee walio hai waulizwe mapema, na waulizwe maswali madogo. Ukimwuliza shangazi yako kwa nini familia yenu ilikuwa ya Coastal, atakujibu kwa maneno ya jumla ambayo hayatakusaidia. Mwulize badala yake redio ilikaa wapi, nani aliruhusiwa kuigusa siku ya mechi, na nani aliyekataa chakula cha usiku timu ilipofungwa, nawe utapata kurasa nzima.

Redio inastahili nafasi kubwa kwa yeyote aliyekulia Tanzania Bara kabla ya 1994, kwa kuwa hakukuwa na kituo cha televisheni, na mechi zilifika majumbani kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Watoto wengi waliisikia timu yao kwa muda mrefu kabla ya kuiona, wakajichorea sura za wachezaji kwa kufuata sauti ya mtangazaji tu. Hapa usiwe na haraka. Andika juu ya betri zilizoanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kufika jioni, juu ya kipande cha waya kilichofungwa kwenye antena iliyovunjika, na juu ya mzee aliyeinamisha sikio hadi likakaribia kugusa spika, kwa sababu mawimbi yalikuwa na tabia ya kupotea pale hasa mtangazaji alipoanza kupandisha sauti. Kama kilichobaki kichwani mwako ni kelele za mawimbi kuliko bao lenyewe, andika kelele.

Kisha toka nyumbani uende mtaani. Tanga ina bahati ya kuwa na upinzani unaoweza kutembelewa kwa miguu: makao ya Coastal Union yako barabara ya 11, na ya African Sports, wanaoitwa Wana Kimanumanu, yako barabara ya 12. Mwandishi anayejua jambo hilo hahitaji kumweleza msomaji kwa maneno makubwa jinsi watani hawa walivyokuwa karibu. Inatosha kuonyesha mtoto aliyetumwa dukani Jumatatu baada ya timu yake kufungwa, na njia ndefu aliyoamua kuizunguka. Katika mji wa namna hii wachezaji nao ni majirani. Juma Mgunda, aliyecheza katika kikosi cha 1988, ndiye aliyekuwa kocha wa Coastal ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2022, na kwa watoto wa Tanga majina ya namna hiyo hayakuwa ya gazetini pekee.

Uwanjani, eleza kwa uaminifu uliingiaje. Wako walioingia Mkwakwani, uwanja wa Tanga, kwa kumwomba mtu wasiyemjua, "Mjomba, niingize," wakamshika mkono hadi getini na kumwachia walipokwisha kupita. Wako pia waliosubiri fungulia mbwa, yaani dakika za mwisho ambapo mageti huachwa wazi na kila mtu huingia bure. Aliyeingia kwa njia hii asijaze dakika ambazo hakuziona. Kandanda yake yote ya utotoni iliundwa na dakika za mwisho: timu inayoongoza inapoteza muda, inayofungwa inapiga mipira mirefu, na yeye anawauliza watu wazima matokeo huku akitafuta mahali pa kusimama. Kwa maoni yangu, kumbukumbu hiyo ina thamani kuliko simulizi ya mechi nzima iliyonakiliwa gazetini.

Magazeti, hata hivyo, yana kazi yake. Kumbukumbu huunganisha mechi mbili kuwa moja na kumpa mchezaji bao la mwenzake, kwa hiyo tarehe na matokeo vitafutwe katika maktaba zenye matoleo ya zamani ya Uhuru na Mzalendo. Ukikuta gazeti linasema bao moja na baba yako alisema matatu siku zote, usimfute baba. Weka yote mawili, kisha jiulize kwa nini nyumba yenu ilihitaji mabao matatu.

Sehemu ambayo waandishi wengi huikwepa ni ya timu ya pili. Nyumba nyingi za mikoani zilikuwa na timu ya mji na vilevile zilikuwa na Simba au Yanga, na watoto walirithi zote mbili bila kuona tatizo mpaka siku timu ya Dar es Salaam iliposhuka Mkwakwani. Siku hiyo ndiyo yenye habari. Baba alivaa nini? Alikaa upande gani? Alishangilia bao la wageni kwa sauti, au alitikisa kichwa tu na kuagiza kahawa nyingine? Mtoto aliyekuwa akimtazama baba yake kuliko mpira alikuwa akijifunza uaminifu hugawanywaje. Usiandike kana kwamba nyumba yenu haikuwa na mgawanyiko huo, kwani msomaji aliyekulia mkoani hatakuamini.

Mambo ya ukubwani yasichukue nafasi kubwa. Msimu wa 2015/16, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT zilishuka daraja pamoja, zote za Tanga, na Coastal ikarejea Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Ile fainali ya 2022, iliyochezwa Arusha, ilikwisha 3-3 dhidi ya Yanga, Abdul Suleiman "Sopu" akiwa amefunga mabao yote matatu ya Coastal, kabla ya Yanga kushinda kwa mikwaju ya penalti. Mambo haya yatajwe pale tu yanapoangaza jambo la utotoni. Vinginevyo andiko litageuka historia ya klabu.

Rasimu ikikamilika, usimpelekee kwanza mtu wa timu yako, kwa kuwa atakusifu kila ukurasa. Mpe mtu wa Kimanumanu mliyekua naye mtaa mmoja. Atakayoyakataa kwa hasira yarudie na uyachunguze upya, na atakayoyakataa huku akicheka mwombe ruhusa uyaandike kwa maneno yake mwenyewe.