Tashibihi ya uso: tafuta tendo, usitafute kitu

Dondoo kwa wanaoandika hadithi, nimeiokota nikihariri. Ukitaka kueleza uso wa mhusika kwa tashibihi, yaani kufananisha kwa "kama", usijiulize "unafanana na nini?" Utaishia kwenye mwezi, ndimu na mbuzi, zilizochoka zamani. Jiulize: "nani mwingine huwa na uso huu, akifanya nini?" Kwanza uige uso huo mwenyewe, uone kinachotangulia kusogea: nyusi, pua au pembe ya mdomo. Kisha tafuta tendo linalosogeza hapohapo. Mfano: "Aliposikia bei, alitulia kama mtu aliyehisi mwiba wa samaki mdomoni." Taya limesimama, macho hayatazami popote, ulimi unapekua taratibu. Msomaji anapata sura na wasiwasi kwa pamoja, kwa sababu tendo huja na nia yake. Kitu hukupa umbo tu.

Kwa tabasamu, anzia machoni. Daktari Mfaransa Duchenne alieleza mwaka 1862 kwamba tabasamu la furaha ya kweli hukaza msuli unaozunguka jicho, na huo si rahisi kuuamrisha. Kama mhusika anaigiza furaha, tendo lako liishie mdomoni.

Mbinu hii hugoma katikati ya ugomvi wa maneno ya haraka, maana tashibihi husimamisha mwendo. Hapo "alikunja uso" inatosha kabisa. Hugoma pia msimulizi asipolijua tendo lenyewe. Mtoto ambaye hajawahi kula samaki hawezi kukupa ule mwiba.