Kabla pepa ya Kiingereza haijafika, zijue hizi un-, in- na dis-

Madogo wa fomu foo hapa Rock City, yaani Mwanza yetu, kuanzia Igoma mpaka Buhongwa, Novemba haiko mbali na najua wengi mnakariri yale maneno ya kinyume kama namba za simu. Acheni kwanza. Kabla hujakariri chochote zoea kukitoa kiambishi, kile kipande cha mwanzo kinachokanusha, uone kinachobaki, unhappy ukitoa un- inabaki happy, neno kamili, ila uncle ukitoa un- unabaki na cle ambayo haipo, na uniform ndo kabisa haina ukanushi wowote, pale ni uni- yaani moja, nguo za aina moja.

Inayosumbua zaidi ni in-. Ikikutana na p, b au m inageuka im-, ndo unapata impossible, imbalance na immature, mbele ya l inakuwa il- kama illegal, mbele ya r inakuwa ir- kama irregular. Sio uchawi, mdomo unatafuta urahisi tu, mbona na sisi tunasema nzuri na ndogo lkn mbaya, hakuna anayesema nbaya. Ila un- yenyewe haigeuki, unpopular ni unpopular. Ukishaelewa hivyo na spelling inajipa: illegal ina l mbili mwanzoni maana moja ya kiambishi nyingine ya legal, misspell s mbili, unnecessary n mbili mwanzoni, disappear s moja tu kwa sababu appear haianzi na s. Hapa watu wanamwaga maksi za bure kabisa.

Halafu kuna mitego. Lori la mafuta limepaki Nyegezi limeandikwa inflammable, usije ukawasha sigara ukidhani haliwaki!! Inflammable na flammable ni kitu kimoja, kisichowaka ni non-flammable. Invaluable nayo ni chenye thamani isiyopimika, sio takataka. Uninterested hana hamu, disinterested ni asiye na upande, kama refa anavyotakiwa awe (anavyotakiwa, nimesema).

Kwenye vitendo un- inarudisha nyuma, ni funga na fungua yetu, mvuvi wa mwaloni Kirumba aki-untie kamba ya mtumbwi ujue ilikuwa imeshafungwa.

Na siku yenyewe soma sentensi yote kabla ya kujaza, wanakupa polite kumbe nafasi inataka impolitely, ukiandika impolite ukaishia hapo kinyume umepatia na swali umekosa.