Ondoa Kete kwa Mkono Wako: Ulinganifu Ndani ya Mtiririko wa Renomalaizesheni

Wanafunzi wanaonijia barazani hapa Mkomani, Lamu, chuo kikifungwa, wengi wameshasoma kwamba ulinganifu huilinda nadharia ya uga, ile fizikia inayoeleza chembe kwa thamani iliyoenea kila nukta ya nafasi. Ukiwauliza unalinda vipi, wananyamaza. Basi mimi huwapa kete. Tafuta kete 17, zile kombe ndogo za baharini, kalamu, na kikokotoo chenye cosh na ln.

Hatua ya 1: Zipange. Weka kete zote mstari mmoja juu ya mkeka. Iliyolala mdomo juu ni +1, ya mgongo juu ni −1. Majirani wawili wakifanana wape uzito (uwezekano kwa kulinganisha) e^K, wakitofautiana e^(−K); K ni kani ya ujirani, na uzito wa mstari ni hizo zote zikizidishwa. Huu ndio mfano alioutatua Ernst Ising, ukachapishwa 1925. Sasa zigeuze zote 17. Waliofanana bado wanafanana, waliotofautiana bado wanatofautiana, na uzito wa mstari mzima haukutikisika. Huo ndio ulinganifu wetu.

Hatua ya 2: Ondoa moja, acha moja. Toa ya pili, ya nne, ya sita, hivyo hivyo. Kuondoa hapa si kutupa. Ni kujumlisha hali zote mbili za kete ile. Kama majirani zake ni s na t, jumla ni 2cosh(K(s+t)), kwani 2cosh x ni e^x + e^(−x). Wakifanana unapata 2cosh 2K, wakitofautiana unapata 2 tu. Ukitaka mstari uliobaki uandikwe kwa sura ileile ya mwanzo, kani mpya ya ujirani lazima iwe:

K′ = ½ ln cosh 2K

Anza na K = 1 urudie mara nne. Kete zitapungua 17, 9, 5, 3, 2, na K itashuka 1, 0.66, 0.35, 0.11, 0.013. Huo ndio mtiririko wa renomalaizesheni: namba zinavyobadilika kila tunapoondoa vipande vidogo. Ukiutazama mstari kwa mbali, kete hazijuani tena.

Hatua ya 3: Tazama kisichozaliwa. Hapa usipite haraka. Katika raundi zote nne hakikutokea kipande cha fomula kinachopendelea mdomo juu. Sababu ni kwamba cosh haijali alama: cosh(−x) = cosh x. Kigeuze kila kilichobaki, jumla ni ileile.

Hatua ya 4: Vunja ulinganifu kidogo. Mwanafunzi mmoja aliishika kete akaigeuzageuza: mgongo wa mviringo, tumbo bapa lenye ufa. "Mwalimu, hii ukiirusha haiangukii pande mbili sawasawa." Kweli, mwanangu, na ndiyo maana situmii sarafu. Mpe kila kete mwelemeo h, uzito e^(hs), s ikiwa hali yake, +1 au −1. Ukiondoa kama mwanzo, katika mstari mrefu ambao kete za ncha hatuzihesabu:

h′ = h + ½ ln[cosh(2K+h) / cosh(2K−h)]

Kwa K = 1 na h = 0.01, mwelemeo unakwenda 0.01, 0.020, 0.037, 0.059, 0.072. Ujirani umekufa, lakini kasoro ndogo ya kete imekua mara saba. Sasa weka h = 0: uwiano ni 1, ln yake ni 0, na h′ ni 0 daima. Sifuri inayoshikwa na ulinganifu haihitaji kusawazishwa na mtu. Sifuri uliyoichagua tu kwa sababu inakupendeza, mtiririko hauiheshimu.

Kisha jaribu h = −0.01. Namba ni zilezile, zenye alama ya kutoa. Hata ulipovunjwa, ulinganifu bado unaamua: h′ hubadili alama pamoja na h. Tutauhitaji ukweli huu chini.

Hatua ya 5: Chunga njia yako ya kuondoa. Mwanafizikia Leo Kadanoff, mwaka 1966, alipendekeza kukusanya chembe katika mafungu. Nilipoandika programu yangu ya kwanza ya mafungu ya kete nne nne, wengi wape, mbili kwa mbili niliihesabu +1. Mwelemeo ukachomoza pasipokuwa na h, na nilipoteza siku tatu nikitafuta kosa kwenye fomula. Kosa lilikuwa kwenye kanuni ya sare. Sare ipigiwe kura ya bahati nasibu, au tumia mafungu ya tatu.

Hatua ya 6: Toka kwenye mstari. Zitandaze kete kama ubao wa drafti uondoe zilizo kwenye vyumba vyeusi. Kila iliyoondoka inaacha majirani wanne, na 2cosh yao inazaa ujirani wa karibu, ujirani wa mshazari, na kipande cha kete nne kwa pamoja. Cha kete moja au tatu, hakuna. Kinachoruhusiwa na ulinganifu kitarajie kuzaliwa hata kama hukukiandika.

Katika nadharia ya uga ni hivyohivyo. Andika φ kwa thamani ya uga: ulinganifu wa φ → −φ unaruhusu φ², φ⁴, φ⁶, unakataza φ na φ³. Kenneth Wilson, aliyepewa Nobel ya fizikia 1982 kwa kazi hii, na Michael Fisher walitumia uga huohuo mwaka 1972, kwenye vipimo vya nafasi vilivyo chini kidogo ya 4.

Sasa chukua elektroni. Tungamo lake likiwa sifuri, sehemu mbili za uga wake, ziitwazo ya mkono wa kushoto na ya mkono wa kulia, huweza kuzungushwa kila moja peke yake bila kanuni kubadilika. Tungamo ndilo linalovunja ulinganifu huo, kama h yetu, kwa hiyo kila sahihisho lake hutoka limezidishwa na tungamo lenyewe. Likianza dogo, linabaki dogo. Chembe ya Higgs, yenye tungamo la GeV 125 hivi (GeV ni kipimo cha nishati kinachopimia tungamo la chembe), haina kinga ya namna hiyo katika nadharia sanifu, yaani nadharia inayotumika ya chembe za msingi. Chembe yoyote nzito inayoigusa huongeza mchango wake moja kwa moja kwenye mraba wa tungamo la Higgs, na mchango huo haupungui hata ukianza na sifuri.