Ghorofa ikianza kupanda kwenye mchanga wa Shela

Asubuhi moja nilichota maji kisimani kwetu Shela, kisiwani Lamu, Kenya, nikaonja, yana chumvi. Kisima hicho ndicho alichotunywesha mamangu sote. Huku nyuma, penye milima ya mchanga, punda walikuwa wakipanda na magunia ya saruji.

Ukitaka kuupinga ujenzi wa namna hii, elewa kwanza unachotetea. Mvua huzama ndani ya mchanga ule, maji matamu yakakaa juu ya maji ya bahari. Yakivutwa kwa pampu kupita kiasi, ya chumvi hupanda. Na shimo la choo likichimbwa pale, uchafu huteremkia humo humo. Mji mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, hutegemea maji ya mchanga huu. Kwa hiyo mkikutana barazani anzeni na maji, msianze na mwenye ploti. Wanaobeba mawe yake ni watoto wetu, na ukiwatukana umepoteza nusu ya mtaa.

Kisha tafuta tangazo. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji awaarifu watu na kuwaalika walete pingamizi. Sisi tuliikuta karatasi ndani ya ua, nyuma ya rundo la mawe ya matumbawe, wino umeshaanza kuchuja: "ukarabati wa nyumba ya familia". Familia gani ina vyoo kumi na viwili? Mwanya wenyewe ndio huo. Idhini inaombwa kwa jina dogo, jengo linakuja kubwa. Au mradi mmoja unakatwa vipande vitatu, kila kipande kionekane kidogo mno kuhitaji tathmini ya mazingira. Soma neno lililoandikwa, halafu nenda ukahesabu milango na mabomba.

Piga picha kila wiki, usimame pale pale, na ukuta wa jirani uonekane ili kimo kijulikane. Fundi mmoja mzee wa mtaani ndiye aliyetufumbua macho: tazameni nondo. Zikiachwa zimechomoza juu ya slabu, wima, urefu wa mkono, ujue kuna ghorofa nyingine inakuja, hata kama ramani inasema imeisha.

Barua ya pingamizi iende ofisi ya mipango ya kaunti, nakala kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kwa Makumbusho ya Taifa. Usiiache mezani kwa karani. Yetu ya kwanza tuliiacha hivyo, ikapotea, na miezi miwili ikaenda bure, bado inaniuma. Beba nakala ya ziada, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Katika barua hiyo hiyo omba kopi ya idhini: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu.

Hapo hesabu siku kama unavyohesabu za eda. Idhini ya ujenzi ikitoka, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya rufaa za mipango. Leseni ya NEMA ina siku 60, kwenye jopo la taifa la rufaa za mazingira. Jopo hilo ndilo lililofuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu mwaka 2019, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ndiyo maana mkiitwa mkutanoni nendeni, lakini kabla ya kutia sahihi someni kichwa cha karatasi. Kama hakijaandikwa "mahudhurio", kiandikeni wenyewe, mpige picha, sahihi zenu zisije zikageuzwa ridhaa.

Na anzeni daftari la visima leo, kabla hakujatokea ubaya. Sisi kila Ijumaa baada ya Alasiri tunazunguka visima vitano, tunapima kina kwa kamba yenye mafundo, tunaonja, tunaandika tarehe. Watu wawili wanatia sahihi, mmoja wao awe mwenye kisima.