Jinsi ya Kubadilisha Chujio la Petroli au Dizeli la Gari Nyumbani

Gari lina machujio kadhaa, na linalozungumziwa hapa ni lile linalosafisha petroli au dizeli kabla haijafika kwenye nozeli za injini, yaani vipulizio vinavyorushia mafuta ndani yake, si la oili wala la hewa. Kulibadilisha ni kazi ya spana chache ambayo mtu mwenye subira huimaliza katika asubuhi moja. Hata hivyo inadai uangalifu kuliko kazi nyingine nyingi za nyumbani, kwa sababu mafuta yaliyomo kwenye mabomba hubaki chini ya shinikizo hata injini ikiwa imezimwa, na kwa sababu mvuke wa petroli huweza kushika moto kwa cheche ndogo isiyoonekana mchana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu yale yanayofanyika kabla ya kulegeza kitu chochote.

Kwanza, tambua chujio liko wapi

Kabla ya kununua chochote, soma kitabu cha gari lako, kwani mahali chujio lilipo ndipo panapoamua kama kazi hii inakufaa. Katika magari ya zamani yenye kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa badala ya nozeli), chujio kwa kawaida ni kichupa kidogo cha plastiki au chuma kilichounganishwa na mipira karibu na injini, na hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Katika magari mengi ya petroli yenye nozeli, chujio ni kopo la chuma lililofungwa chini ya gari, ama karibu na tangi ama ubavuni mwa chasisi, na wakati mwingine liko ndani ya boneti karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Magari ya dizeli huliweka mara nyingi karibu na injini, likiwa na kikombe cha kukusanyia maji upande wa chini.

Kundi la nne ni la magari mengi ya petroli ya miaka ya karibuni, ambayo chujio lake limo ndani ya tangi pamoja na pampu, na baadhi ya watengenezaji hawalipangii muda wowote wa kubadilishwa. Kulifikia hulazimu kufungua mfuniko ulio chini ya kiti cha nyuma au kushusha tangi lenyewe, kisha kuzungusha pete kubwa ya kufungia na kuweka mpira mpya wa kuziba. Kwa maoni yangu, kazi hiyo afadhali aachiwe fundi mwenye karakana yenye hewa ya kutosha, kwa kuwa tangi lililo wazi hujaza mvuke ndani ya gari, na mpira uliokaa vibaya huweza kuleta harufu au uvujaji utakaoonekana tu siku tangi litakapojazwa. Kuanzia hapa, basi, maelezo yanahusu chujio lililo nje ya tangi.

Kuhusu muda, fuata kitabu cha gari. Kwa magari mengi ya petroli yenye chujio la nje, kipindi kinachotajwa huangukia kati ya kilomita 30,000 na 60,000, na magari ya dizeli mara nyingi huhitaji mapema zaidi. Chujio lililoziba huonekana zaidi pale injini inapodai mafuta mengi: gari hukosa nguvu kwenye mlima, husitasita unapokanyaga mafuta ili kulipita gari jingine, au huzimika likiwa na mzigo, ilhali likiwa limesimama linanguruma vizuri tu. Dalili hizohizo huletwa pia na pampu iliyochoka, plagi mbovu au chujio la hewa lililojaa vumbi. Ndiyo maana si busara kubadilisha chujio kwa kubahatisha na kudhani kwamba ugonjwa umetibiwa; kama muda wake haujafika, afadhali shinikizo la mafuta lipimwe kwanza.

Maandalizi

Fanya kazi hii nje, mahali palipo wazi na tambarare, injini ikiwa imepoa kabisa. Usiifanyie ndani ya shimo la karakana, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutuama humo humo ulipo wewe. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo usitegemee ubaridi wa asubuhi kukukinga. Hakikisha hakuna sigara, jiko, hita wala mashine yenye mota ya umeme inayofanya kazi karibu, na tumia tochi ya LED badala ya taa ya balbu ya kuning'iniza, ambayo kioo chake cha moto huweza kupasuka kikidondokewa na mafuta. Weka kizima moto cha unga karibu na mkono wako. Maji hayafai, kwani petroli huelea juu yake na moto husambaa.

Subiri hadi tangi libaki na mafuta kidogo, robo au chini ya hapo, ili yasiendelee kutiririka mara utakapofungua bomba. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu zinazostahimili mafuta. Kama chujio liko chini ya gari, weka vizuizi kwenye magurudumu yatakayobaki chini, inua gari kwa jeki, kisha lishushe juu ya stendi imara kabla ya kuingia chini yake. Jeki peke yake si kitu cha kulalia chini yake hata kwa dakika moja, wala matofali hayashiki nafasi ya stendi, kwa kuwa hupasuka bila onyo.

Kuondoa shinikizo

Katika mfumo wa kabureta shinikizo ni dogo, chini ya bar 1 (bar ni kipimo cha shinikizo, na bar 1 inakaribia shinikizo la hewa inayotuzunguka). Katika injini ya petroli yenye nozeli za kawaida huwa kati ya bar 3 na 4 hivi, kiasi kinachotosha kurusha petroli usoni mwa mtu aliyelala chini ya gari. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, pamoja na dizeli za kisasa, zina upande wa pili wenye shinikizo la mamia ya bar, na katika dizeli huzidi hata 1,500. Mabomba ya chuma ya upande huo, yanayotoka kwenye pampu kubwa iliyo injini kuelekea kwenye nozeli, usiyaguse kabisa. Mafuta yanayochomoza hapo hupenya ngozi. Chujio tunaloshughulika nalo liko upande wa shinikizo dogo.

Kwa gari la petroli lenye pampu ya umeme, fungua kwanza kifuniko cha tangi ili hewa iliyobanwa itoke. Kisha tafuta fyuzi au rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) ya pampu ya mafuta kwa kufuata mchoro ulio kwenye kasha la fyuzi, uing'oe, na uwashe injini. Itanguruma kwa muda mfupi kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, kisha itazimika yenyewe. Piga stata tena mara moja au mbili, sekunde chache kila mara, halafu zima swichi na ufungue waya hasi wa betri. Taa ya injini ikiwaka baadaye kwenye dashibodi kwa sababu ya hatua hii, mara nyingi huzimika yenyewe baada ya safari kadhaa. Hata ukishafanya yote haya, chukulia kwamba bado kuna mafuta kidogo ndani, na funika kila kiungo kwa kitambaa unapokilegeza.

Kulitoa la zamani

Piga picha ya chujio likiwa mahali pake, hasa mshale unaoonyesha mafuta yanakoelekea. Safisha viungo kwa brashi, kwa sababu mchanga utakaoingia upande wa injini hautakutana na chujio jingine njiani. Kisha weka chombo cha chuma au kile kilichotengenezwa kwa ajili ya petroli chini ya viungo. Baadhi ya plastiki za kawaida hulainika zikikaa na petroli.

Jinsi ya kufungua hutegemea aina ya kiungo. Mpira uliofungwa kwa klipu huzungushwa kwanza ili uachie, kisha huvutwa. Ukiwa umepasukapasuka au umekuwa mgumu, ubadilishe papo hapo kwa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta na kwa shinikizo la mfumo huo. Kiungo cha nati, au cha bolti yenye tundu ambalo mafuta hupita ndani yake, huhitaji spana mbili, moja ikishikilia chujio na nyingine ikigeuza nati, la sivyo bomba la chuma litajikunja na kupasuka, na hapo kazi ndogo itageuka kuwa ya kutafuta bomba zima.

Viungo vya plastiki vya kubonyeza ndivyo vinavyowasumbua wengi. Vumbi huingia kwenye vishikizo na kuvigandisha, na mtu anayevichokonoa kwa bisibisi huvivunja. Vioshe, vipulizie mafuta mepesi ya kulainisha, usubiri kidogo, kisha usukume kiungo kuelekea kwenye chujio ili vishikizo viachie, ubonyeze, na ndipo uvute moja kwa moja bila kukipinda. Baadhi yake hudai kifaa maalumu cha duara, na ni afadhali kukinunua kuliko kulazimisha.

Bomba litokalo kwenye tangi likiendelea kudondosha, lizibe kwa kizibo safi. Chujio lenyewe limejaa mafuta, kwa hiyo lishike likiwa limelala sawa hadi lifike juu ya chombo.

Kuweka jipya

Linganisha chujio jipya na la zamani kwa urefu, unene na ukubwa wa midomo. Mshale lazima uelekee kwenye injini. Likigeuzwa, mafuta hupita kinyume na karatasi ya ndani haifanyi kazi kama ilivyokusudiwa. Pete bapa (washa) za shaba au alumini za bolti yenye tundu ziwe mpya daima, kwani za zamani zimekwisha kubanwa na hazizibi tena vizuri. Pete za mpira zipakwe mafuta safi kidogo kabla ya kuingizwa. Kiungo cha kubonyeza kinapaswa kutoa mlio wa kujifunga, na baada ya hapo ukivute kwa nguvu ya mkono kuhakikisha hakitoki. Kama chujio la zamani lilikuwa na waya mdogo wa kuliunganisha na bodi, urudishe mahali pake, kwa maana kazi yake ni kuondoa umeme tuli unaojengeka mafuta yanapopita.

Kwa dizeli, kwanza mwaga maji yaliyo kwenye kikombe, hamisha kihisio cha maji kama kipo, na weka pete mpya zote zilizomo kwenye boksi. Hewa ikiingia kwenye mfumo wa dizeli, injini hugoma kuwaka au huzimika. Tumia pampu ya mkono iliyo juu ya chujio hadi iwe ngumu, ukifungua skrubu ya kutolea hewa mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Katika dizeli za kisasa usimimine mafuta kutoka kwenye debe moja kwa moja upande safi wa chujio, kwa kuwa uchafu wake utaishia kwenye nozeli. Usipige stata kwa muda mrefu mfululizo pia, inaungua.

Sasa rudisha fyuzi, funga kifuniko cha tangi, futa petroli yote iliyomwagika, subiri harufu iishe, kisha unganisha betri. Washa swichi bila kupiga stata, subiri sekunde chache pampu ifanye kazi, zima, na urudie mara tatu au nne. Kagua viungo kwa tochi na kwa karatasi kavu. Tone moja tu linatosha kukurudisha chini ya gari. Usijiambie kwamba litakauka. Kisha washa injini, kagua tena ikiwa inanguruma, na mara ya mwisho baada ya safari fupi.

Chujio la zamani lisitupwe mara moja. Limwage kupitia mdomo wa kuingilia kwenye sahani nyeupe inayostahimili mafuta. Weusi kidogo ni wa kawaida, lakini kutu nyingi au maji humaanisha kwamba tangi lenyewe lina tatizo na chujio jipya litaziba upesi. Mafuta hayo machafu yasimwagwe ardhini wala kwenye mtaro. Yawekwe kwenye chombo kinachofunga vizuri, na pamoja na chujio na vitambaa vilivyolowa yapelekwe mahali panapopokea taka za mafuta.