Siku zako za likizo ni za aina gani? Mwongozo kwa mwalimu wa shule ya umma nchini Marekani

Mwalimu aliyezoea kuajiriwa na tume au wizara moja kwa nchi nzima hushangaa anapofika Marekani na kukuta kwamba mwajiri wake ni wilaya ya shule, yenye bodi yake na sera zake, na kwamba wilaya mbili zinazopakana zinaweza kutoa likizo kwa masharti tofauti kabisa. Ninafundisha hisabati katika jimbo la Texas, na kila Agosti walimu wageni huniuliza wana siku ngapi za likizo. Mimi huwaambia waanze kwa kuuliza siku hizo ni za aina gani, kwa maana aina ndiyo inayoamua unaweza kuitumia siku kwa jambo gani, kama italala hadi mwaka ujao au itafutika, na kama utaondoka nayo siku ukihama.

Hatua ya 1: Jua kila siku imetoka wapi

Fungua hati yako ya mshahara na utafute sehemu inayoonyesha salio la likizo. Hapa Texas utaona angalau mistari miwili. Mstari wa kwanza ni siku za jimbo: sheria ya elimu ya Texas inampa mwalimu siku 5 za likizo binafsi kila mwaka, hujilimbikiza bila kikomo, na humfuata anapohamia wilaya nyingine ndani ya jimbo. Mstari wa pili ni siku ambazo wilaya imeongeza kwa hiari yake, na masharti ya hizo yamo katika sera ya bodi, si katika sheria ya jimbo.

Kwingineko hesabu ni nyingine. Ohio humpa mwalimu siku 15 za ugonjwa kwa mwaka, zinazoingia kwa kiwango cha siku moja na robo kila mwezi. California humpa mwalimu wa muda wote siku 10. Florida humpa siku 4 anapoanza mkataba wa mwaka na kisha siku 1 kwa kila mwezi anaofanya kazi. Hili la Florida linafaa kuangaliwa kwa makini hata na walio nje ya jimbo hilo, kwa sababu wilaya nyingi huonyesha siku za mwaka mzima tangu mwanzo ilhali kisheria bado hujazifanyia kazi. Ukizitumia zote kufikia Novemba kisha ukaacha kazi Januari, zile ambazo hukuwa umezipata hukatwa katika mshahara wako wa mwisho.

Hatua ya 2: Tenganisha siku za ugonjwa na siku binafsi

Siku ya ugonjwa hutumika unapougua wewe au mtu wa familia yako ya karibu, na kwa kawaida huombi ruhusa, bali unatoa taarifa. Siku binafsi ni ya shughuli zako, iwe mahakamani, benki au kwenye mahafali ya mwanao, na huombwa mapema. Wilaya nyingi hazitoi siku binafsi kabla au baada ya sikukuu wala wakati wa mitihani ya jimbo. Mahali pengine mstari kati ya aina hizi mbili ni mwembamba: Florida inaruhusu hadi siku 6 kwa mwaka kwa sababu binafsi, lakini zinachotwa katika chungu kilekile cha siku za ugonjwa.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hujikwaa hasa kwenye maneno "familia ya karibu". Baba mdogo aliyekulea na kukulipia ada, kwenye fomu ya wilaya ni mjomba tu, na katika sera nyingi mjomba hayumo katika orodha ya wanaokupa haki ya likizo ya msiba. Nimewaona walimu wakiandika "baba" kwa sababu moyoni mwao ndivyo alivyo, kisha idara ya utumishi inaomba cheti cha kifo, majina hayalingani, na mtu anajikuta akijieleza kana kwamba amedanganya. Tumia siku binafsi kwa msiba huo, andika uhusiano kama fomu inavyouelewa, na kama safari ya kwenda kuzika itachukua wiki mbili, omba mapema kwa maandishi kwamba siku zitakazozidi ziwe likizo isiyo na malipo.

Hatua ya 3: Ripoti mahali panapohesabika

Katika mwaka wangu wa kwanza mwanangu alishikwa na homa kali usiku. Saa kumi na moja alfajiri nilimwandikia mwalimu mkuu ujumbe wa simu, akajibu "Pole sana, mshughulikie mtoto", nami nikaona jambo limekwisha. Kwenye mfumo wa mtandaoni sikuwa nimejaza kitu, kwa hiyo hapakuitwa mwalimu wa akiba. Wanafunzi wangu 28 waligawanywa katika madarasa ya jirani, na siku hiyo ikaandikwa kuwa nimekosa kazini bila taarifa. Mshahara wa siku moja ulikatwa, na kuurudisha kulinichukua wiki kadhaa za barua.

Tangu hapo utaratibu wangu haubadiliki. Ninajaza mfumo kwanza, ninachagua aina ya likizo mwenyewe badala ya kuiachia mashine, ninaandika kama ni siku nzima au nusu, ninahifadhi namba ya uthibitisho, na ndipo ninamjulisha mwalimu mkuu. Kwenye droo ya juu ya meza yangu kuna bahasha yenye mpangilio wa viti, orodha za madarasa na kazi za siku mbili zisizotegemea somo la jana, kwa sababu mtu mwenye homa hawezi kutunga somo alfajiri.

Hatua ya 4: Ugonjwa ukiwa mrefu, ingia chini ya sheria ya taifa

Sheria ya Likizo ya Familia na Matibabu ya mwaka 1993, ambayo ofisini utaisikia ikiitwa FMLA, hutoa hadi wiki 12 ndani ya miezi 12 kwa ugonjwa mzito wako, wa mwenzi, mtoto au mzazi, na kwa kumpata mtoto. Haikulipi chochote, inalinda kazi yako na bima yako ya afya. Unastahili ukiwa umemfanyia mwajiri kazi miezi 12 na saa 1,250 katika mwaka uliotangulia, na mahali pako pa kazi pakiwa na waajiriwa wa mwajiri huyo wasiopungua 50 ndani ya maili 75. Kuhusu saa, mwalimu wa muda wote huchukuliwa kuwa amezitimiza, na mwajiri anayebisha ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Toa taarifa siku 30 kabla kama jambo linatarajiwa, kama vile upasuaji uliopangwa. Ukiombwa cheti cha daktari, una angalau siku 15 za kukirudisha. Wilaya inaweza kuamua kwamba siku zako za malipo zitumike sambamba na wiki hizo 12, kwa hiyo usipange kumaliza hizi ndipo uanze zile. Wiki za likizo ya kiangazi, ambazo hukutakiwa kazini, hazihesabiwi.

Walimu wana kanuni yao ya pekee ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa. Ukianza likizo zaidi ya wiki 5 kabla ya muhula kwisha, ikadumu wiki 3 au zaidi, na siku yako ya kurudi ikaangukia ndani ya wiki 3 za mwisho, wilaya inaweza kukutaka ubaki nyumbani hadi muhula uishe. Angalia kalenda pamoja na daktari kabla ya kutaja tarehe.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya siku zikiisha

Gawanya mshahara wa mwaka kwa siku za mkataba. Tuseme mshahara ni dola 56,100 na mkataba ni wa siku 187: kila siku isiyo na likizo inakugharimu dola 300. Kabla ya kufika huko, uliza kama wilaya ina hazina ya siku za ugonjwa, ambayo kwa kawaida hujiungi nayo ukiwa tayari mgonjwa. Walimu huchangia siku moja au mbili mwanzoni mwa mwaka ndipo wapate haki ya kukopeshwa. California ina mpango wake: siku za ugonjwa zikiisha, mwalimu huendelea kupata mshahara hadi miezi 5 ya shule, ukiwa umetolewa gharama ya mwalimu wa akiba. Yaani mgonjwa ndiye anayemlipa anayemshikia darasa.

Hatua ya 6: Unapohama

Omba rekodi ya utumishi, ambayo hapa Texas ndiyo karatasi inayobeba siku zako za jimbo hadi wilaya mpya, na uilinganishe na hati zako za mshahara kabla ya kuipeleka. Yangu iliandikwa siku 4.5 mahali palipopaswa kuwa na 14.5, na hati ya Juni niliyokuwa nimeihifadhi ndiyo iliyonirudishia zile 10.