Kurudi mbioni baada ya malaria: mwongozo kwa wakimbiaji wa Tanga

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani yangu wa Chumbageni, mkimbiaji wa siku nyingi wa barabara ya Raskazone, aliyetaka kurudi mbioni mara tu homa ilipomwachia. Homa huondoka ndani ya siku chache, lakini damu huchukua wiki kadhaa kurejea, kwa kuwa vimelea vya malaria huvunja chembe nyekundu, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni ambayo misuli inaihitaji.

Hatua ya 1: Maliza dozi, kisha pima damu

Dawa ya mseto humezwa kwa siku tatu pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, hata kama homa imekwisha siku ya pili. Baada ya hapo omba upimwe wingi wa damu. Kwa mtu mzima anayeishi usawa wa bahari kama sisi, kiwango kilicho chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, ni upungufu wa damu, na mbio zisubiri.

Hatua ya 2: Hesabu mapigo ya moyo kila asubuhi

Hatua hii ndiyo inayoharibiwa na wengi. Hesabu ukiwa bado umelala chali, kabla ya chai na kabla ya kushika simu. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Usitumie gumba lenyewe, kwa sababu lina mapigo yake na utahesabu yasiyo sahihi. Hesabu dakika nzima, kwani ukihesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne, kosa la pigo moja huwa kosa la mapigo manne. Mimi napendelea vidole na saa ya ukutani kuliko saa za kielektroniki, kwa sababu vidole hukuonyesha pia kama mapigo yanaruka. Andika namba katika daftari.

Ukiwa umeamka kwenda msalani, rudi ulale dakika tano kwanza. Usiku ambao umeme umekatika na feni imezima, joto na usingizi mbovu hupandisha mapigo, kwa hiyo usiamue kwa asubuhi moja. Subiri hadi namba itulie karibu na ile ya kawaida yako kwa asubuhi kadhaa mfululizo; ikizidi kwa mapigo kumi au zaidi, pumzika siku hiyo, hata kama miguu inakuwasha kutoka.

Hatua ya 3: Tembea

Dakika 20 hadi 30 kila siku kwa wiki nzima, alfajiri, kwa sababu unyevu wa pwani huzuia jasho kukauka na jua likipanda mwili hushindwa kupoa.

Hatua ya 4: Changanya mbio na matembezi

Kimbia dakika moja, tembea mbili, kwa mwendo unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kuhema. Ongeza muda kwanza. Kasi ije mwisho. Kula dagaa, maini na matembele, ushushie chungwa la Muheza linalosaidia mwili kufyonza madini ya chuma, na chai uitenge na mlo kwa saa moja, kwani huyazuia.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo yasiyo na mpangilio, simama na uende hospitali. Homa ikirudi, kapime tena kabla ya kumeza dawa yoyote.